Safu ya Tatu

"Kurasa mbili, Rayya," kasema mkurugenzi,
"na tarakimu zisimame wima."
Disemba inaisha, Ibra ina baridi ya kuvaa soksi,
nami nimo chumba cha takwimu, zamani stoo ya majalada.
Majalada yameingia kwenye kompyuta,
harufu yao imekataa kuhama.

Naanza. Muda wa kungoja, wagonjwa wa nje:
Januari, dakika mia na kumi.
Novemba, thelathini na nane.
Januari hiyo Mzee Hamdun alikuja na mto wa kulalia
na birika la kahawa, akalinywesha benchi zima;
namba yake ilipoitwa akajibu,
"Subirini, huyu bwana hajamaliza kikombe."
Siku hizi anaingia, anatoka, jua halijapanda.
Juzi kanishika mkono mlangoni:
"Mmenitibu mbiombio, binti.
Zamani nilikuwa na watu wa kuzungumza nao."

Safu ya pili, wakalimani.
Mmoja. Ndiye mimi, saa ya chakula.
Mabibi waliorudi kutoka Unguja, kutoka Bujumbura,
wanasali kwa Kiarabu, wanaumwa kwa Kiswahili.
"Tumbo linanisokota," anasema mmoja,
na Dakta Buthaina, mzaliwa wa hapa hapa,
ananitazama: linafanya nini?
Nikakamua kitambaa hewani, hakuna kitambaa.
Akacheka, akaelewa.
Sasa pembeni mwa kioo chake kuna karatasi ya njano:
kusokota, kichomi, kunyongonyea,
kwa herufi za Kiarabu, na wino umeshaanza kufifia.
Hata Sista Lijimol wa Kerala,
kabla ya sindano kugusa ngozi, husema "Pole, mama,"
na akikosea mshipa husema pole mbili.

Safu ya tatu.
Viti vinane vya kusafisha damu, tangu Aprili.
Kabla ya hapo Bi Shinuna aliamshwa saa tisa usiku,
mara tatu kila wiki, kwenda Maskati,
mjukuu wake Azzan kwenye usukani,
ndoo ya kutapikia miguuni, mkate kwenye mfuko.
Azzan aliacha chuo. Hakuna aliyemwambia aache,
wala hakuna aliyemwambia asiache.
Aprili ilipofika akarudi, anasomea umeme,
na bibi yake akachagua kiti cha nne, cha dirishani,
aone nani kaegesha gari, nani kaja kumtazama nani.
Alileta tende, yeye mwenyewe kakatazwa.
"Kuleni," alisema, "nisikie kokwa zikigonga kisahani."

Oktoba, usiku wa Alhamisi, alilala nyumbani kwake
akawa hakuamka.
Jumapili kiti cha nne kikapata mtu,
mwalimu wa hesabu wa Sinaw, baba wa watoto watano.
Orodha ya wanaongoja ikatoka tisa ikawa nane,
na fomu, yenyewe, bila kuulizwa,
ikachora mshale wa kijani.

Niliutazama mshale ule mpaka chai ikapoa.
Nilitaka kuufuta.
Lakini mwalimu yupo, damu yake inazunguka,
anasahihisha madaftari kwa mkono ulio huru.
Mshale hausemi uongo.
Basi nikauacha, na chini, penye neno Mapendekezo,
palipo wazi kila mwaka, nikaandika:
Kiti cha nne, kibaki dirishani. Tende ziendelee.

Mkurugenzi alisoma amesimama.
"Nzuri. Na hii ya mwisho?"
Akafungua kalamu. Nikajua anaikata.
Akakaa kitini, kitu asichofanya chumbani kwangu.
"Tende gani," akauliza, "khalasi au khasabu?"
"Fardhi," nikasema.
Akaandika: fardhi.